Kutoka Nairobi Hadi London kwa Ndege: Umbali Wake na Saa Zake

Wasomaji wetu kadha wametuuliza swali ambalo kwa kulitazama tu laonekana kuwa jepesi: Je, kutoka Nairobi hadi London ni umbali wa kiasi gani, na ndege huchukua muda gani kufika? Mmoja wao ameuliza kwa mshangao: “Kwa nini tikiti ya mwanangu yaonyesha kwamba kwenda ni muda wa saa saba, na kurudi ni karibu saa kumi na moja, hali njia ni ile ile?” Maswali haya ni mema, nasi tumeona yafaa kuyajibu yote pamoja katika somo moja. Twamwomba msomaji akae na penseli, kipande cha uzi, na kama aweza kupata, tufe la dunia kama yale yaliyomo mashuleni. Asiye na tufe na achukue chungwa.

Kosa Moja la Hesabu

Kabla ya kuanza, na tueleze kwa nini somo hili si mchezo wa watoto wa shule tu.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Fedha za nauli zilichangwa na watu wa kijiji kizima: huyu alitoa kuku, yule mayai, mwingine fedha za majani ya chai. Tikiti ilipofika, ilisomwa mbele ya wazee. Ilisema kwamba ndege itaondoka Nairobi siku ya Ijumaa, 00.35. Wote wakafurahi, wakakodi basi, na Ijumaa jioni, saa mbili, wakafika kiwanja cha ndege, wazee wakiwa na fimbo zao na akina mama wakiimba. Karani aliitazama ile tikiti kwa muda, kisha akasema kwa upole, “Mzee wangu, ndege hii imekwisha kuondoka. Iliondoka leo usiku wa manane, ninyi mkiwa bado mmelala.”

Nyimbo zilikoma. Ili kupata nafasi katika ndege nyingine ilibidi kulipa fedha zaidi, na mama yake akauza ng'ombe wa maziwa. Kijana alifika chuoni akiwa amechelewa siku nne, na nafasi yake ilikuwa karibu kupewa mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mvivu katika jambo lile, wala mjinga. Lilikuwa kosa la hesabu tu, na hesabu hiyo yaweza kufundishwa kwa muda mfupi. Msomaji ataiona mbele.

Safari Ilivyokuwa Zamani

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Babu zetu waliokwenda Ulaya walipanda meli Mombasa, wakapita Aden, wakaingia Bahari ya Sham, wakapita katika mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, na kutoka hapo wakakata Bahari ya Kati. Safari hiyo ilikuwa ya majuma, wala si ya siku.

Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kuleta barua kwa ndege hadi Afrika ya Mashariki, na mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa mpaka Cape Town, ikipita Kairo, Khartoum, Kisumu na Nairobi. Safari nzima ya kutoka London hadi Cape Town ilipangiwa siku 11. Ndege za wakati ule hazikuruka usiku; jioni zilitua, abiria wakalala hotelini, na asubuhi wakaendelea. Tena si njia yote iliyokuwa ya angani, kwa maana katika Ulaya abiria walipanda gari la moshi kutoka Paris hadi Brindisi katika nchi ya Italia, ndipo wakaendelea. Baadaye, mwaka 1937, zikaja ndege kubwa zitualo majini, na watu wa Kisumu na Mombasa wakaziona zikitelemka juu ya maji kama bata.

Mwezi wa Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alikuwa Kenya alipopata habari kwamba baba yake amefariki, tarehe 6. Alichukuliwa kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, na usiku huo huo akapanda ndege kubwa ya mapanga manne. Ndege hiyo ilitua El Adem, katika nchi ya Libya, ili kujaza mafuta, na ikafika London alasiri ya tarehe 7, naye akiwa Malkia. Hata mtu mwenye cheo kama hicho, na mwenye haraka kama hiyo, hakuweza kuruka moja kwa moja bila ya kutua njiani.

Mwaka huo huo, tarehe 2 Mei, ndege ya jeti iliyoitwa Comet ilianza kuchukua abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Umbali ule wa maili karibu 6,700 uliishwa kwa muda usiotimia saa 24. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini ndege hizo za kwanza zilipatwa na ajali mbaya, kwa sababu madini ya mwili wake yalichoka na kupasuka, na mwaka 1954 zikaondolewa. Waliofuata walijifunza kutokana na makosa hayo.

Hapo Nairobi, ndege kubwa zilikuwa zikitua Eastleigh mpaka kiwanja cha Embakasi kilipofunguliwa mwaka 1958. Kiwanja hicho kilijengwa kwa jasho la Waafrika wengi waliokuwa kifungoni katika miaka ya Hali ya Hatari, na yafaa kila apitaye pale awakumbuke. Tangu mwaka 1978 kinaitwa kwa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Mwenzake wa London ni Heathrow, ambacho kilifunguliwa kwa abiria mwaka 1946. Hivyo ndivyo viwanja viwili tutakavyovitumia katika somo letu.

Kupima Umbali kwa Uzi

Mtu akitaka kujua umbali wa kutoka Machakos hadi Kitui hutazama mawe ya maili barabarani. Angani hakuna mawe ya maili. Basi umbali wa ndege hupimwaje?

Dunia ni mviringo kama chungwa, na ukiizunguka mara moja katika mstari wa Ikweta utakwenda kilometa 40,000 hivi. Wataalamu wameugawanya mzunguko huo katika sehemu 360, na kila sehemu moja huitwa digri. Ukigawanya 40,000 kwa 360 utapata 111. Kwa hiyo digri moja juu ya uso wa dunia ni kilometa 111 na kidogo zaidi. Mabaharia na marubani wao huigawanya digri hiyo hiyo katika sehemu 60, na kila sehemu ni maili moja ya bahari, yaani meta 1,852. Ndiyo sababu maili ya rubani ni ndefu kuliko maili ya barabarani.

Sasa chukua tufe la dunia. Zungusha uzi katika Ikweta, kisha unyoshe uzi huo juu ya rula. Tuseme umepata sentimeta 100. Basi sentimeta 100 ni sawa na kilometa 40,000, na sentimeta moja ni kilometa 400. Halafu weka ncha moja ya uzi juu ya Nairobi, uvute mpaka London, nao uwe umekazwa barabara, usilegee. Pima. Utapata sentimeta 17 na kidogo. Zidisha 17 kwa 400: ni kilometa 6,800.

Wataalamu wenye hesabu kamili wanatuambia kwamba kutoka kiwanja cha Nairobi hadi kile cha Heathrow ni digri 61 na nusu, yaani kilometa 6,840 hivi, au maili 4,250 za kawaida, au maili 3,690 za bahari. Msomaji aona kwamba uzi wake wa senti chache umekosea kidogo sana.

Lakini angalia neno hili: uzi uwekwe juu ya tufe, usiwekwe juu ya ramani ya ukutani. Ramani ya ukutani ni ngozi ya chungwa iliyonyoshwa kwa nguvu mezani. Haiwezi kulala bapa bila ya kuvutwa mahali fulani. Katika ramani nyingi nchi za kaskazini zimevutwa sana, na kisiwa cha Greenland huonekana kikubwa karibu sawa na Afrika, hali Afrika ni kubwa mara 14 kuliko kisiwa hicho. Mtu apimaye safari ndefu kwa ramani ya namna hiyo atapotea. Uzi ulionyoshwa juu ya tufe hukuonyesha njia iliyo fupi kuliko zote, na hiyo ndiyo njia ambayo rubani hutamani kuifuata.

Njia Ambayo Ndege Hupita

Tumesema “hutamani,” kwa sababu si kila siku aweza kuifuata. Uzi wetu kutoka Nairobi huelekea kaskazini na magharibi kidogo. Hupita juu ya Sudan Kusini, ukaingia Sudan, ukakata jangwa la Libya, ukavuka Bahari ya Kati, ukapita Italia na milima ya Alps yenye theluji, ukavuka Ufaransa na mwishowe mlango wa bahari unaotenga Ufaransa na Uingereza.

Kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, kama vile mwenye shamba alivyo na mamlaka juu ya njia ipitayo shambani mwake. Ndege haiwezi kupita pasipo ruhusa, tena kupita hulipiwa. Vita vikizuka, njia hufungwa. Vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za kati ya Afrika ya Mashariki na Ulaya zikalazimika kuizunguka. Njia ikawa ndefu, mafuta yakaliwa zaidi, na muda ukaongezeka. Basi mtu akisikia kwamba safari ya London imekuwa ndefu, asidhani kwamba injini zimechoka au kwamba London imesogea. Pengine ni bunduki za watu walio mbali zilizoiongezea ndege hiyo kilometa.

Kasi ya Ndege na Muda wa Safari

Ndege kubwa za siku hizi, kama Boeing 787, huruka kwa kasi ya kilometa 900 hivi kwa saa, katika kimo cha futi 35,000 hadi 40,000. Huko juu baridi ni kali sana, zaidi ya digri 50 chini ya kiwango cha maji kuganda, na hewa ni nyepesi mno, mtu hawezi kuivuta akaishi. Ndege hupanda huko kwa sababu hewa nyepesi haiizuii sana, na kwa hiyo mafuta kidogo huipeleka mbali.

Sasa tufanye hesabu. Kilometa 6,840 zigawanywe kwa 900. Jibu ni 7 na sehemu 6 za kumi, yaani muda wa saa saba na dakika 36. Lakini makampuni ya ndege huandika muda wa saa nane na nusu mpaka tisa. Je, dakika zile nyingine zimekwenda wapi?

Kwanza, ndege haianzi kwa kasi ya 900. Hutembea chini polepole kama lori, husubiri zamu yake, hukimbia, hupaa, na huchukua karibu nusu saa kupanda mpaka kimo chake. Kadhalika huanza kutelemka mapema kabla ya kufika. Pili, Heathrow ni kiwanja chenye ndege nyingi mno, na mara nyingi zile zinazofika huambiwa zizunguke angani zikingoja nafasi, kama matwana zingojavyo katika kituo. Tatu, njia yenyewe haifuati uzi barabara, kama tulivyokwisha kueleza. Na nne, muda uandikwao katika ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka mahali iliposimama hata inaposimama tena mwisho wa safari, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi.

Liko jambo la tano, nalo ni upepo. Katika nchi za kaskazini, huko juu sana, hupita mito ya upepo iendayo kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake yaweza kupita kilometa 150 kwa saa. Ndege iendayo pamoja na upepo husukumwa kama mtumbwi uteremkao mtoni. Iendayo kinyume hurudishwa nyuma. Kwa safari ya London upepo huu hauleti tofauti kubwa, kwa kuwa njia yetu yaelekea kaskazini zaidi kuliko magharibi. Lakini tazama safari ya Nairobi hadi New York, ambayo shirika la Kenya Airways lilianza kuifanya bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali wake ni kilometa 11,840 hivi. Kwenda, yaani kuelekea magharibi, ilipangiwa muda wa saa 15. Kurudi, muda wa saa 14. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile; saa moja nzima ni kazi ya upepo.

Wengine huuliza: Je, mafuta yakiisha njiani? Sheria za kimataifa zimelifikiria jambo hili. Rubani hawezi kuondoka na mafuta ya kufika tu. Hana budi kuwa na mafuta ya safari yenyewe, na nyongeza kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa, na mafuta ya kumfikisha kiwanja kingine ikiwa kile cha kwanza kimefungwa, na juu ya hayo yote akiba ya kuruka dakika 30 zaidi. Laiti wenye magari barabarani wangefanya hivyo!

Nairobi ina ugumu wake pia. Kiwanja chake kiko juu, futi 5,330 kutoka usawa wa bahari, hali Heathrow ni futi 83 tu. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, mabawa hayabebi vizuri, na injini hupungukiwa nguvu. Jua la mchana likizidi, hewa huwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta na watu huhitaji kukimbia mbali kabla ya kupaa, na ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu unaopita kilometa nne. Ndege ya VC10, iliyoanza kazi mwaka 1964, iliundwa makusudi kwa viwanja vya juu na vya joto kama hiki, na shirika la East African Airways lilizipata za kwanza zake mwaka 1966. Hewa ya usiku, iliyo baridi na nzito, huisaidia ndege. Nayo ni sababu mojawapo ya safari nyingi za Ulaya kuondoka usiku.

Jua na Saa

Sasa tumjibu yule aliyeshangazwa na tikiti ya mwanawe. Tikiti yake ilisema hivi: kuondoka Nairobi 23.30, kufika London 06.30, na kurudi, kuondoka London 10.20, kufika Nairobi 21.00. Akatoa hesabu: kwenda ni saa saba, kurudi ni saa kumi na dakika 40. Hesabu yake ya kutoa ni sahihi, lakini ametoa vitu viwili visivyo vya namna moja, kama mtu atoaye shilingi katika kapu la mahindi.

Dunia huzunguka mara moja kila siku, digri 360 kwa muda wa saa 24. Kwa hiyo kila saa moja huzunguka digri 15. Jua hutuchomozea sisi kabla ya kuwachomozea watu wa London, kwa maana sisi tuko upande wa mashariki. Mataifa yamekubaliana kuhesabu saa kuanzia mstari upitao Greenwich, katika London. Saa za Kenya ziko mbele ya saa za Greenwich kwa saa tatu, majira yote ya mwaka. Waingereza wao, Jumapili ya mwisho ya Machi, husogeza saa zao mbele kwa saa moja, ili wapate mwanga mrefu wa jioni. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Basi kumbuka sheria hii: wakati wa baridi yao tofauti yetu ni saa tatu, wakati wa joto lao ni saa mbili.

Saa ya kuondoka iliyoandikwa katika tikiti ni ya mji unaoondoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofika. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili, na msomaji akilisahau kila kitu asilisahau hilo.

Tikiti yake ilikuwa ya mwezi wa Julai, tofauti saa mbili. Ndege ilipofika London saa za kule zikiwa 06.30, Nairobi ilikuwa 08.30. Kutoka 23.30 hadi 08.30 ni muda wa saa tisa. Katika kurudi, ilipofika Nairobi 21.00, London ilikuwa 19.00. Kutoka 10.20 hadi 19.00 ni muda wa saa nane na dakika 40. Sasa tazama: saa tisa kwenda, saa tisa kasoro dakika 20 kurudi. Njia ni ile ile na muda ni karibu ule ule. Hakuna aliyeibiwa saa zake.

Kusoma Saa za Tikiti

Makampuni ya ndege huhesabu saa 24 tangu usiku wa manane. Sisi Waswahili huhesabu kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku, tukianzia macheo na machweo. Hesabu yetu ni njema, maana yafuata jua la Ikweta lisilobadilika; lakini mtu hana budi kujua kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine. Njia ni hii:

1. Ikiwa tikiti yasema 07.00 mpaka 18.59, toa sita. 10.20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, 15.00 ni saa tisa mchana.

2. Ikiwa yasema 19.00 mpaka 23.59, toa kumi na nane. 21.00 ni saa tatu usiku, 23.30 ni saa tano na nusu usiku.

3. Ikiwa yasema 00.00 mpaka 06.59, ongeza sita. 00.35 ni saa sita na dakika thelathini na tano usiku, 05.30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Katika sehemu hiyo ya tatu ndimo alimoanguka ndugu yangu. Kwa watu wengi wa bara, usiku wa Ijumaa ni ule ufuatao mchana wa Ijumaa. Kwa watu wa pwani na Waislamu kwa jumla, siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule uitanguliao. Lakini kwa ndege, siku haifuati jua wala desturi. Hugeuka saa sita kamili ya usiku. Kwa hiyo 00.35 ya Ijumaa ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Msafiri huyo yampasa awe amefika kiwanjani Alhamisi, kabla ya saa nne usiku, kwa sababu safari za ng'ambo humtaka mtu afike muda wa saa tatu kabla ya kuondoka. Andika basi karatasini kwa herufi kubwa: “Alhamisi jioni naondoka nyumbani,” ubandike mlangoni, na kila mtu wa nyumbani alisome.

Na neno jingine la lugha. Kwa Kiswahili tukisema “saa tisa” twaweza kumaanisha wakati wa saa tisa, au muda wa saa tisa. Mzee mmoja aliambiwa katika simu na binti yake, muuguzi huko Uingereza, “Nitafika saa tatu.” Mama yake alidhani kwamba bado muda wa saa tatu afike, akaweka chungu motoni, na chakula kikaungua. Hilo ni jambo dogo la kucheka. Lakini katika barua na simu za safari ni heri kusema wazi: siku, tarehe, saa ngapi, tena ni saa za mji gani.

Maswali kwa Wasomaji

Wasomaji wajaribu kuyajibu haya kabla ya kutazama majibu. Walimu waweza kuyatumia darasani.

Swali la kwanza: Tufe la shule moja lina mzunguko wa sentimeta 80 katika Ikweta. Uzi kutoka Nairobi hadi New York ni sentimeta 23 na sehemu 7 za kumi. Umbali ni kilometa ngapi?

Swali la pili: Ndege yaondoka London Jumapili 22.00, mwezi wa Januari, na safari ni ya muda wa saa nane na nusu. Itafika Nairobi siku gani, na saa ngapi kwa hesabu ya Kiswahili?

Swali la tatu: Tikiti yasema kuondoka Nairobi tarehe 10, siku ya Jumatano, 00.15. Msafiri afike kiwanjani lini?

Majibu: (1) Sentimeta moja ni kilometa 500, kwa hiyo umbali ni kilometa 11,850. (2) Itakapofika, London itakuwa 06.30 Jumatatu. Ongeza saa tatu za majira ya baridi: Nairobi ni 09.30, yaani Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. (3) Tarehe 9, Jumanne, saa tatu na robo usiku.

Mwisho

Babu zetu walihesabu safari ya Ulaya kwa miezi ya kuandama. Baba zetu kwa siku. Sisi twaihesabu kwa saa. Lakini kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo kosa dogo linavyozidi kuwa ghali. Aliyechelewa meli nusu siku pengine aliikuta ingali ikipakia mizigo. Aliyechelewa ndege nusu saa huikuta anga tupu.

Ndugu yangu yule alimaliza masomo yake, akarudi nyumbani salama. Siku ya kurudi kwake watu wa kijiji walikodi basi tena. Safari hii baba yake aliichukua ile karatasi ya saa, akampelekea mwalimu wa shule, wakakaa chini ya mwembe na kuihesabu mara mbili: saa za kule, saa za huku, na tarehe. Walifika kiwanjani mapema, ndege ikatua, na nyimbo zile zilizokatizwa miaka minne nyuma zikaimbwa mpaka mwisho. Kuuliza si ujinga. Na kuhesabu mara mbili si woga.